Kusimulia au kuweka ushahidi mezani: njia ipi imfae mwalimu mwanafunzi wa historia?

Mwalimu mwanafunzi anayeipenda historia huingia darasani visa vimemjaa kichwani, na anatamani darasa zima liyaone ya kale kama anavyoyaona yeye. Anachokuta ni kipindi cha dakika arobaini, andalio la somo linalosubiri kukaguliwa, na wanafunzi waliokwisha kuamini kwamba historia ni kunakili tarehe ubaoni na kuzitapika siku ya mtihani. Shauku anayo. Shida ni njia ya kuipitisha.

Nimekuwa mwalimu mwanafunzi, na baadaye nimekaa nyuma ya darasa nikiwaangalia wengine wakifanya mazoezi ya kufundisha. Njia ninazoziona zikitumika, na zinazostahili kulinganishwa, ni nne: kusimulia, kuweka ushahidi mbele ya wanafunzi, kuigiza, na kutoka nje kwenda mahali penyewe au kwa watu wenyewe. Hazina uzito sawa. Mbili za kwanza nitazikalia sana kwa sababu zinawezekana karibu katika kila darasa, na hapo ndipo wengi hukwama wasijue waegemee wapi. Mimi naegemea kwenye ushahidi, na nitaeleza kwa nini. Ila kuna darasa, na kuna mtu, ambaye ningemwambia asimulie kwanza.

Kusimulia

Chukua asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Zanzibar. Sultani Hamad bin Thuwaini amefariki siku mbili kabla, na binamu yake Khalid bin Barghash ameingia kwenye kasri na kukalia kiti. Waingereza wanamtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Wamempa Khalid mpaka saa tatu awe ameshusha bendera na kutoka. Meli za kivita zimejipanga bandarini, mizinga inalitazama kasri. Saa tatu inafika, bendera bado iko juu. Saa tatu na dakika mbili, mizinga inaanza.

Msimulizi mzuri akifika hapo, hakuna anayechezea kalamu. Kabla ya saa nne kutimia vita vimekwisha: dakika 38 kwa hesabu ya wengi, 45 kwa hesabu nyingine. Upande wa kasri watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, na Khalid amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Njia hii ina fadhila ambazo sitazipunguza. Haihitaji karatasi wala mashine. Inafaa darasa la wanafunzi ishirini, inafaa la themanini. Mgeni anayesimama mbele ya vijana wasiomjua hupata heshima yake ndani ya dakika kumi, na heshima ya wiki ya kwanza ni mtaji utakaoutumia mpaka siku ya mwisho. Zaidi ya hayo, shauku yako inaonekana kwa macho. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akisisimkwa na jambo la miaka mia iliyopita anamwona leo, na hilo pekee lina thamani.

Kasoro hujitokeza kesho yake. Uliza darasa lilikumbuka nini. Watakwambia kwa sauti moja: dakika 38, vita vifupi kuliko vyote. Kisha uliza Waingereza walipata wapi haki ya kuchagua sultani wa watu wengine. Kimya. Makubaliano ya 1890, yaliyoiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza, yalitajwa katika masimulizi, lakini nani ayakumbuke makubaliano wakati mizinga inalia? Kisa kizuri kina mwendo wa kasi, na sababu za mambo zina mwendo wa kobe. Zikishindanishwa darasani, kisa hushinda kila mara.

Katika mazoezi yangu mwenyewe nilisimulia kipindi kizima, kengele ikalia watu wakiwa bado wananitazama. Nilitoka nikiwa na furaha kubwa. Mwalimu niliyekabidhiwa kwake hakunisifu wala kunikosoa. Aliniuliza neno moja tu: "Leo wanafunzi wamefanya nini?" Nilitafuta jibu sikulipata. Walikuwa wamesikiliza. Nilipokusanya madaftari, yale maelezo ya sababu yalikuwa mistari miwili mitupu iliyofanana kila daftari.

Hatari nyingine ni utamu. Msimulizi anapoona macho yamemkazia, ulimi huteleza, akamwekea Khalid maneno ambayo hakuna shahidi aliyeyasikia. Visa vya namna hiyo vina maisha marefu. Wengi wetu tulisimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm, kaizari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Kisa kinavutia, na si kweli. Mstari ule ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa hata kaizari mpaka 1888. Anayeipenda historia hawezi kuipamba kwa uongo halafu aseme ameipenda.

Lililo zito kwangu kuliko yote ni kwamba masimulizi hufika yakiwa yamekamilika. Mwanafunzi hana la kuongeza, amebakiwa na kustaajabu, na mstaajabiwa ni wewe. Mazoezi yakiisha unaondoka na shauku yako kwenye begi. Wanafunzi wanabaki wakisema yule mwalimu alijua kusimulia, na somo linarudi kuwa tarehe za ubaoni.

Ushahidi mezani

Sasa weka pembeni yake njia ya pili. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika Kilwa, akakutana na sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa ukarimu wake. Katika kitabu cha safari zake anausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri, na anasema majengo yake ni ya miti. Waandikie wanafunzi maelezo hayo, mistari mitano au sita inatosha. Kando yake weka picha za magofu ya Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu, na kasri la Husuni Kubwa ambalo wanaakiolojia hulihusisha na sultani yuleyule aliyempokea mgeni. Ni mawe ya matumbawe, kuta kwa kuta.

Usiseme kitu. Waache waone wenyewe kwamba viwili hivi havipatani.

Ukivumilia kimya cha dakika ya kwanza, mikono itaanza kunyanyuka. Mmoja atasema mgeni alisahau. Hapo mwongezee jambo: Ibn Battuta hakuandika palepale. Aliimla safari zake kwa mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika mwaka 1355, miaka 24 baada ya Kilwa. Mwingine atasema huenda aliziona nyumba za watu wa kawaida, na za miti hazikuacha gofu. Mwingine atauliza kama waliokinakili kitabu kwa mkono hawakukosea neno. Wa nne atasema amechanganya na mji mwingine. Hakuna dai hata moja kati ya hayo la kipuuzi. Kijana wa miaka kumi na mitano ameketi anapima shahidi wa maandishi dhidi ya shahidi wa mawe, na hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, haijapunguzwa wala kufanyiwa mchezo.

Nimeiona sura ya mwanafunzi anapogundua kwamba kitabu kinaweza kukosea, na kwamba yeye ana ruhusa ya kusema hivyo ilimradi atoe sababu. Sijaona kisa chochote kinacholeta sura ile. Ndiyo maana naegemea huku. Shauku inayotokana na swali lako mwenyewe haimhitaji mwalimu abaki chumbani ili iendelee kuwaka.

Mifano haikosekani. Kuna Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvio: nakala nyingi za barua ya Pliny Mdogo, aliyeushuhudia mlipuko, kwa mwanahistoria Tacitus huiweka siku ya mlipuko huo tarehe 24 Agosti mwaka 79, na vitabu vikaifuata kwa karne nyingi. Mwaka 2018 wachimbaji wakakuta ukutani maandishi ya mkaa yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Nani aaminiwe? Kuna sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Darasa lolote litatumia kipindi kizima kubuni jinsi zilivyofika huko, na kazi yako itakuwa kuuliza kila dhana imesimamia nini. Na kuna idadi ya waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907: hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000, wakati wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 mpaka 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mfano huu wa mwisho uufundishe kwa utulivu. Ukiuliza ni nani alihesabiwa na ni nani hakuhesabiwa, wanafunzi hupunguza sauti wenyewe.

Gharama zake sasa, maana nisingependa mtu aingie bila kuzijua. Maandalizi ni marefu: kisa cha dakika kumi unaweza kukiandaa jioni moja, lakini chanzo kizuri hukutafutisha siku mbili, kisha ukikate kiwe kifupi, ufafanue maneno magumu, utafute picha inayosomeka. Kama hakuna mashine ya kudurufu, andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi za manila ubandike pande mbili za darasa. Inafaa kabisa, na watu kusimama na kusogea karibu kusoma huwaamsha.

Kisha jaribio la kwanza karibu kila mara huyumba. Wanafunzi waliozoeshwa jibu moja watakuuliza, "Mwalimu, jibu sasa ni lipi?" Mwalimu mwanafunzi akiwa na wasiwasi humwaga jibu, na hapo kila kitu kimekufa. Shikilia. Sema kwamba wanaoyachunguza mambo haya hadi leo hawajakubaliana, na uulize ni hoja ipi kati ya zilizotolewa ina uzito zaidi. Kelele zitakuwepo pia, na msimamizi wako anaweza kuzisoma vibaya. Andika kwenye andalio la somo, sehemu ya shughuli za wanafunzi, kwamba dakika kumi na tano ni za majadiliano ya vikundi, na utaje swali lenyewe. Msimamizi anayejua anachokuja kukiona huipima kelele kwa jicho jingine.

Wengi huogopa zaidi kitu kingine: kuulizwa wasilolijua. Katika masimulizi wewe ndiye mwenye usukani. Kwenye ushahidi swali linaweza kutokea upande wowote. Kwa anayelipenda somo kweli, hapa pana nafuu kuliko anavyodhani. Hulazimiki kuwa umejua yote. Unalazimika kuonyesha unavyotafuta.

Kuigiza

Maigizo yana moto wake. Mkutano wa Berlin ndio mfano ninaoupenda: ulianza 15 Novemba 1884 ukaisha 26 Februari 1885, mwenyeji akiwa Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani, na ukashirikisha nchi 14, zikiwemo Marekani na Dola ya Uthmaniya. Panga viti kumi na vinne katikati ya darasa, wanafunzi kumi na wanne wakae, kila mmoja na kijikaratasi chenye matakwa ya nchi yake. Waliobaki wasimame kuta zote nne na wasiruhusiwe kusema neno. Wao ndio Afrika. Baada ya dakika kumi waulize waliosimama walikuwa wanajisikiaje. Sina haja ya kueleza majibu yanavyokuwa.

Ila ona kinachotokea kwenye viti. Wanafunzi watachukua ramani na rula wagawane bara palepale, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyouwaza mkutano ule. Mkutano wenyewe haukuchora mipaka hiyo. Uliweka kanuni: biashara huru katika bonde la Kongo, uhuru wa vyombo kupita katika mito ya Kongo na Niger, na sharti kwamba nchi inayodai sehemu ya pwani iwaarifu wengine na ionyeshe inaitawala kweli. Mipaka mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Igizo lisilosimamiwa vizuri hulipandikiza kosa hili kwa nguvu kuliko mhadhara wowote, kwa kuwa mwanafunzi amelifanya kwa mikono yake. Kwa hiyo maigizo yanadai mwalimu anayelijua jambo kwa undani na anayelijua darasa kwa majina. La pili mwalimu mwanafunzi hana katika wiki za mwanzo. Yaweke wiki za mwisho, au uyaache.

Na kuna mada zisizofaa kuigizwa hata kidogo. Soko la watumwa halifanyiwi igizo. Mtoto hawekwi mbele ya wenzake awe bidhaa, hata kwa dakika mbili na kwa nia njema.

Kutoka nje

Kupeleka darasa makumbusho au kwenye magofu ni jambo zuri sana ambalo kwa kawaida haliko mikononi mwako. Linahitaji vibali, usafiri, ridhaa ya wazazi na siku nzima ya ratiba za wenzako. Kama shule tayari imepanga safari, jiunge nayo kwa moyo wote. Kuianzisha ukiwa mgeni wa wiki mbili ni kujitafutia uchovu.

Wazee ni habari tofauti, nao wako karibu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kule Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai, zaidi ya miaka sitini baada ya vita kuanza. Mengi tunayoyajua kuhusu vita vile kutoka upande wa waliopigana yametokana na kazi ya namna hiyo. Kama wale waliweza, mwanafunzi wa sekondari anaweza kumwuliza babu au bibi yake maswali matatu kuhusu jambo moja aliloliona kwa macho. Maswali myaandike pamoja darasani, wafundishe kuomba ruhusa kwanza, na uwaambie kwamba mzee akinyamaza, wamwache na kimya chake. Kazi hii inakaa ndani ya njia ya ushahidi, kwa sababu masimulizi yakirudi darasani yanapimwa kama chanzo kingine chochote: nani alikuwepo, nani alihadithiwa, wanapatana wapi na wanaachana wapi.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa muda wa maandalizi, kusimulia ni nafuu kuliko zote, ushahidi ni ghali mwanzoni na nafuu baadaye kwa sababu kifurushi kimoja utakitumia kwa mikondo yote unayofundisha, na maigizo ni ghali kila mara. Kwa darasa kubwa, kusimulia kunaongoza. Ushahidi unafuata kwa karibu ukitumia manila. Maigizo yanaachwa mbali, kwa kuwa wachache wanatenda na wengi wanatazama. Kwa kuteka darasa usilolijua, kusimulia tena. Kwa kile kinachobaki kichwani baada ya mwezi, na kwa kile kinachobaki baada ya wewe kuondoka, sioni kinachoukaribia ushahidi.

Mtihani ndio hoja ninayorushiwa kila mara. Silabasi ni ndefu, wanasema, hakuna nafasi ya kubishana kuhusu nyumba za Kilwa. Naielewa hofu hiyo, na mtu asiidharau: wanafunzi hawa wana mtihani, na wewe umekabidhiwa vipindi vyao. Lakini swali la insha linalosema "eleza sababu" au "jadili" linampima mwanafunzi uwezo wa kujenga hoja na kuitegemeza. Aliyewahi kujenga hoja mara tatu darasani ana cha kuandika. Tenga dakika saba za mwisho kwa nukuu fupi, zenye tarehe na majina yanayohitajika, na usizile dakika hizo hata mjadala uwe mtamu namna gani.

Basi achague nani lipi? Kama sauti inakutetemeka na hujawahi kusimama mbele ya watu, anza na kusimulia kwa wiki ya kwanza. Upate miguu ya kusimamia. Kama darasa limevunjika moyo kiasi kwamba hakuna anayenyanyua mkono, simulia pia, maana swali zuri kwa watu wasiotaka kuongea hukaa hewani likakuvunja moyo wewe. Kama wewe ni msimulizi wa kuzaliwa, mwenye kipaji ambacho kila mtu anakisifia, ningekusukuma kwenye ushahidi mapema zaidi kuliko mwenzako, kwa sababu kipaji chako kitakudanganya kwamba darasa limejifunza. Na kama wewe ni mpole, mtu wa kusoma kimya na kuuliza, usihangaike kuwa jukwaa. Njia ya ushahidi iliumbwa kwa watu kama wewe.

Wengine watauliza kama haziwezi kuunganishwa. Zinaweza, na mshono wake ninaoupendekeza ni huu: simulia asubuhi ile ya Zanzibar mpaka saa tatu kamili, bendera ikiwa juu, kisha nyamaza. Usipige mzinga hata mmoja. Andika ubaoni mambo matatu: makubaliano ya 1890, dai la Waingereza kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ridhaa yao, na dai la Khalid kwamba yeye ni mwana wa Sultani Barghash na kiti kinamstahili. Wape vikundi dakika kumi waamue nani ana haki na kwa hoja gani. Mizinga iache ilie kipindi kijacho.